Komeo la Fundi

Fundi akikujengea nyumba isiyo na komeo, kisha mwizi akaingia, lawama ni ya nani?

Tazama kompyuta. Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, ilimpa mtumiaji wake wa kwanza mamlaka yote, na kila programu aliyoifungua, njema au mbovu, ikayarithi. Tena ukibofya alama ya flashi, programu iliyojificha ndani iliweza kuanza kazi bila ya kubisha hodi. Kirusi Conficker, kilichozuka mwaka 2008, kilipita njia hiyo pia. Microsoft ilisambaza dawa ya kuziba njia hiyo mwaka 2011.

Sasa, karani wa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliyepokea flashi ya barua kutoka Mbinga, alikosa nini? Nia yake safi, na hatari hakuambiwa.

Lakini usifanye haraka kumtupia fundi yote. Mei 2017 kirusi WannaCry kilivuruga hospitali nyingi za Uingereza. Ufa kilioutumia ulikuwa umekwisha kutolewa kiraka mwezi Machi, wengi hawakukitia.

Basi mwizi ana wizi wake, wala uzembe wa mwingine haumpunguzii. Fundi anaulizwa kwa alilolijua akalinyamazia. Nawe unaulizwa tangu siku uliyojulishwa. Kompyuta ya ofisi ina majina na siri za watu: hiyo ni amana. Leo umekwisha kujua. Je, komeo umelitia?