Miezi ya Kati: Amana Iliyo Tumboni mwa Mama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji, akalituliza mahali palipo madhubuti. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika Surat al-Aaraf Mwenyezi Mungu ametueleza hali ya mwanamke ashikapo mimba: mwanzo huwa mzigo mwepesi, naye hutembea nao, kisha uzidipo uzito, mume na mke wote wawili humuomba Mola wao awape mwana mwema, wakaahidi kushukuru. Tuizingatie habari hii. Mzigo u tumboni mwa mmoja, lakini dua ni ya wawili. Na iliyo dua ya wawili, juhudi yake pia ni ya wawili.

Leo twataka kusema juu ya miezi mitatu ya kati, yaani tangu wiki ya 14 mpaka mwisho wa wiki ya 27, kwa hesabu ya hospitali ianzayo siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tumeichagua kwa kuwa ndiyo miezi isahauliwayo. Mimba ikiwa changa, mama hutapika na kuchukia chakula, na watu wa nyumbani humhurumia. Siku za kujifungua zikikaribia, watu hushughulika. Hapo kati, kichefuchefu humpungua mama, uso wake hunawiri na hamu ya chakula humrudia. Mume husema, "Alhamdulillahi, amepona," akaenda zake, na mama akarudishiwa kazi zote za nyumba. Lakini kupoa kwa kichefuchefu si kupungua kwa mzigo.

Katika miezi hii damu ya mama huongezeka sana, na moyo wake hufanya kazi zaidi kuliko desturi. Tumbo huchomoza, mgongo na nyonga humuuma, kiungulia humsumbua, choo huwa kigumu, na misuli ya miguu humkaza usiku. Mengi katika hayo ni ya kawaida. Na kati ya wiki ya 18 na ya 20 mama aliye na mimba ya kwanza huanza kuhisi mtoto akicheza. Aliyekwisha kuzaa huweza kuhisi mapema zaidi. Nasi twajua kwa Hadithi iliyopokewa na Ibn Masud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba malaika hutumwa kumpulizia mtoto roho, na wanavyuoni wengi wameeleza kuwa jambo hilo huwa baada ya siku 120. Hatusemi kuwa kucheza ndiko kupuliziwa roho, kwani mtoto hujitikisa kabla mama hajahisi. Twasema hivi: nyumba iliyo na amana ya namna hii haifai kuwa nyumba ya mghafala.

Twasikitika kuona namna mghafala huo unavyojazwa. Mume aliyekosa nauli ya kumpeleka mkewe kliniki huipata fedha ya hirizi na ya mpiga ramli. Aya inayofuata ile tuliyoitaja yawalaumu wale waliopewa mwana mwema kisha wakamshirikisha Mungu katika kile alichowapa. Na Mtume wetu amekwisha kutukataza kutundika hirizi. Yeye huyo huyo ametuamrisha tujitibu. Basi aachaye dawa na kushika hirizi ameyaacha maamrisho mawili kwa pamoja.

Wengine husema, "Mabibi zetu walizaa bila ya hayo yote." Ni kweli, walizaa, na wengi wao walizikwa pamoja na watoto wao. Sisi tunawahesabu waliobaki, tukawasahau waliokwenda. Kumtegemea Mungu si kuacha sababu. Mkulima humtegemea Mungu baada ya kupanda mbegu.

Sababu zenyewe ni hizi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza mja mzito aonwe na watu wa afya mara 8 kwa uchache; na katika miezi hii ya kati aonwe wiki ya 20 na wiki ya 26. Hapo hupimwa damu, mkojo na presha. Apewe vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, avimeze kila siku, wala asivifuatishe na chai, kwani chai huzuia chuma kisiingie vizuri mwilini. Katika nchi zenye malaria nyingi, kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa, hupewa dawa ya kinga kuanzia miezi hii, mara 3 au zaidi, na baina ya kipimo na kipimo upite mwezi; na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Ale samaki, mayai, maharagwe, kunde, mchicha na matunda. Na aache kula udongo, kwani huweza kumletea minyoo na kuzidi kumpunguzia damu.

Na akitokwa na damu au maji, au akipata homa, au kichwa kikamuuma sana, macho yakafanya kiwi, uso na mikono ikamvimba, au mtoto aliyekuwa akicheza akanyamaza, asingojwe mpaka kesho. Baada ya wiki ya 20 presha huweza kupanda na kuleta kifafa cha mimba, nacho huua.

Ramadhani ikiingia, tusiwe wakali kuliko sheria. Mja mzito akichelea madhara, ana ruhusa ya kula. Katika madhehebu yetu ya Shafi, akijichelea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku hizo tu. Akimchelea mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ruhusa ya Mungu ni sadaka yake kwetu, wala si haki ya mama mkwe kuizuia.

Enyi waume, katika Surat Luqman Mola wetu ametukumbusha kuwa mama alimchukua mwanawe kwa udhaifu juu ya udhaifu. Hakusema kwa udhaifu wa miezi ya mwanzo na ya mwisho tu. Basi wiki hii, kila mwenye mke mja mzito na amuulize: siku yako ya kliniki ni lini? Kisha aitoe nauli, na akiweza afuatane naye.

Ewe Mola wetu, wahifadhi mama zetu na wake zetu, na utujaalie watoto wema, na ututie katika wenye kushukuru. Amin.