Safari ya Mwezini na Suali la Muda

Tumeulizwa na kijana mmoja wa darasa letu: roketi huchukua muda gani kufika mwezini? Alitaka jawabu la neno moja, akaliandike daftarini. Hatukuweza kumpa, na sababu ya kutoweza ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Baina ya ardhi na mwezi pana masafa ya kilomita 384,400 kwa wastani. Wamarekani watatu wa Apollo 11 walirushwa tarehe 16 Julai 1969, wakaanza kuuzunguka mwezi baada ya saa 76 hivi, na wawili kati yao wakatua zilipotimu saa 102 na dakika 45. La ajabu ni kwamba karibu njia nzima injini yao ilikuwa imezimwa. Iliwaka dakika sita hivi walipokuwa wakiiacha ardhi, kisha wakaenda kwa msukumo ule ule, huku ardhi ikiwavuta nyuma, hata mwendo wa karibu kilomita 39,000 kwa saa ukashuka kuwa elfu tatu na kitu.

Ama chombo kiitwacho New Horizons, kilichorushwa tarehe 19 Januari 2006, chenyewe kilivuka masafa hayo kwa muda wa saa tisa hivi. Mwenye kusikia haya atasema: basi hicho ndicho bora. Twamwambia: la. Chombo hicho kilikuwa safarini kwenda Pluto, na lau kingetakiwa kisimame mwezini kisingeweza. Kwani kusimama kwataka mafuta kama kuondoka, na kadiri mwendo uzidivyo ndivyo yazidivyo mafuta ya kuuzuia. Na mwaka 1959 Warusi walirusha Luna 1 wakikusudia kuupiga mwezi. Kilifika karibu nao kwa saa 34 hivi, kikaupita kwa umbali wa kilomita karibu 6,000, kikaenda kulizunguka jua. Je, tuseme kilifika?

Kwa hiyo twaona kwamba suali la muda halijibiki mpaka litanguliwe na jingine: mwendaji aenda kufanya nini?

Tazama Wahindi. Chandrayaan-3 kiliondoka tarehe 14 Julai 2023 juu ya roketi ndogo mno kuliko ile ya Apollo. Wakakiacha kiizunguke ardhi, na mara kwa mara wakikisukuma kidogo ili duara lipanuke, hata mwanzo wa Agosti kikaelekezwa mwezini. Tarehe 5 Agosti kikaanza kuuzunguka mwezi, na tarehe 23 kikatua karibu na ncha yake ya kusini. Siku 40! Tena walipanga kitue kukiwa kumekucha pale pa kutulia, maana kilitegemea nguvu za jua. Katika siku hizo zote hapakuwa na hata moja isiyokuwa na hesabu yake.

Hapa twajua wenzetu watafurahi waseme: si twasema sisi, haraka haraka haina baraka? Methali hii tumeifanya mto wa kulalia. Kila tunapodaiwa kazi twaitoa. Mtaani petu michango ya kisima cha msikiti ilikusanywa, na huu ni mwaka wa nne; ukiuliza, huambiwa pole pole. Wahindi walikwenda pole pole kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kufika kwa nguvu walizokuwa nazo. Kisima chenda pole pole kwa kuwa hakuna aliyekaa akapiga hesabu. Mambo mawili haya yafanana kwa jina tu.

Wala tusimwonee mwenye haraka. Luna 25 ya Urusi ilirushwa tarehe 11 Agosti 2023, siku 28 nyuma ya Wahindi, ikaanza kuuzunguka mwezi kwa siku tano, na tarehe 19 ikaanguka. Wako waliosema ni malipo ya kukimbilia. Sivyo: injini iliyotakiwa iwake sekunde 84 iliwaka 127, na kosa kama hilo laweza kumpata hata aliyesafiri mwaka mzima.

Kijana tumemwambia aandike majawabu yote, na mkabala wa kila moja aandike chombo kilikuwa kikienda kufanya nini. Na kamati ya kisima, ambamo nasi tumo, itakutana Ijumaa baada ya Alasiri. Tumekusudia kuomba tarehe ya kuanza kuchimba, na tusikubali kuondoka bila ya kupewa.