Mgonjwa Haulizwi Uji?

"Mwanangu, umetia nini humu?"

Mama aliniuliza hivyo Jumapili moja mchana, kijiko kikiwa mkononi. Nikamjibu bila kupepesa macho: "Peremende, Mama. Si ulitaka peremende?" Ndugu msomaji, nusu ya pili ya jibu langu ilikuwa kweli tupu. Nusu ya kwanza ilikuwa uongo, na niliusema kwa mapenzi. Kabla jua halijatua uongo huo ulikuwa umeshanionyesha rangi yake.

Kijiweni kwetu jambo hili tumelijadili kwa kelele na hatukufika popote. Nataka hapa tulijadili taratibu. Swali lenyewe ni hili: je, mtu ana haki ya kumdanganya mtu mzima kwa faida ya huyo huyo anayedanganywa?

Kwanza kisa chenyewe. Mama mdogo wangu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo mwaka 2022 aliniletea mashine ya kutengeneza aiskrimu nyumbani. Si dude kubwa kama yale ya madukani. Ni kitu cha kukaa juu ya meza ya jikoni: bakuli lenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo mna maji maji yanayoganda. Bakuli unalilaza ndani ya friza siku nzima, huku ukiomba umeme usikatike. Kesho yake unalitoa, unamimina mchanganyiko wako wa maziwa, unawasha. Bakuli linazunguka, na kibao cha plastiki kinakwangua kila kinachoanza kuganda pembeni. Kukwangua huko ndiyo siri ya kazi yote: chembe za barafu hazipati nafasi ya kukua, na hewa inaingia kidogo kidogo. Nusu saa hivi, una aiskrimu. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1843 mama mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, alipewa hataza ya mashine ya namna hiyo, ila yake ilizungushwa kwa mkono, na baridi ilitoka kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi.

Washikaji waliposikia nina mashine, nyumba ikawa haikauki watu. Tulianza na vanila, tukaja embe, tukaja ubuyu. Mwisho nikapata ile iliyonipa jina mtaani: aiskrimu ya peremende. Unatwanga peremende kwenye kinu. Nusu ya unga wake unauyeyusha ndani ya maziwa ya moto pamoja na krimu na sukari, unaacha vipoe kabisa, ndipo unamimina kwenye mashine. Nusu ya pili, ile ya vipande vipande, unaitia dakika ya mwisho. Ukiitia mapema inayeyuka yote, unabaki na michirizi ya rangi tu. Ukila, maziwa yanakupoza, mnanaa unakupanda puani, na vipande vinalia chini ya meno. Bomba kabisa.

Hapo nikajifunza jambo moja ambalo naomba ulikumbuke tunapoendelea. Onja mchanganyiko huo kabla haujaganda: utakunja uso kwa utamu. Uonje ukishaganda: utauona wa kawaida. Sukari ni ile ile, haikupungua hata punje. Baridi tu ndiyo inayoupumbaza ulimi usiisikie yote.

Sasa, Mama ana ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2015. Anajidunga insulini asubuhi na jioni. Kliniki walimfundisha kuhesabu chakula, na yeye, aliyewahi kuwa karani, anahesabu kweli. Ana daftari. Ugali kiasi gani, ndizi ngapi, kipimo cha kidole kilisema nini, saa ngapi. Sijapata kumwona akila kitu cha sukari kwa tamaa.

Lakini Jumamosi moja alitukuta jikoni tunatwanga peremende. Harufu ikamsimamisha mlangoni. Akatuambia habari za Tanga, alipokulia. Baba yake alikuwa kibarua bandarini, na siku ya mshahara alirudi na peremende zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Watoto sita, kila mmoja peremende mbili. Moja waliila pale pale, ya pili walilala nayo chini ya mto. Kisha akasema, polepole, kama anayeomba ruhusa kwa mtoto wake mwenyewe: "Kesho nitengenezee na mimi kidogo. Kibakuli kimoja tu."

Nikasema sawa, Mama. Moyoni nikasema hapana.

Ningeweza kumwambia. Nilimwogopea aibu, nikajiogopea ubishi. Basi nikachukua njia ya mkato. Nilinunua kichupa cha arki ya mnanaa na vidonge vya sakarini, ile sukari ya bandia iliyogunduliwa na Constantin Fahlberg mwaka 1879 kwenye maabara moja huko Baltimore. Sakarini ni tamu kuliko sukari kwa mamia ya mara, kwa hiyo unatia kidogo mno. Maziwa, krimu, arki, vidonge. Rangi ya waridi ili ifanane. Nikawasha mashine na kujiona mjanja, tena mtoto mwema.

Barafu ndiyo iliyotaka kuniumbua kwanza. Sukari ndani ya aiskrimu haikai pale kwa ajili ya utamu peke yake. Inayazuia baadhi ya maji yasigande, ndiyo maana hata kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kijiko kinapita. Vidonge vyangu vilileta utamu, lakini kazi hiyo ya pili vilishindwa. Nilipoitoa kwenye friza ilikuwa jiwe. Mama aligonga kwa kijiko, ko, ko, ko, akaniangalia. Tukaiacha ilainike. Alipoonja ndipo akaniuliza nimetia nini, maana sakarini huacha uchungu nyuma ya ulimi. Nilipomjibu peremende, akaguna, akasema labda peremende za siku hizi si zile. Akala yote. Akaniambia ahsante.

Saa kumi kasoro nilikuwa kijiweni. Mdogo wangu akaja mbio: "Kaka, Mama anaongea hovyo!" Nilimkuta kakaa kitandani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la mjomba. Mdogo wangu akampima: 2.9. Chini ya 4, sukari imeshuka. Alivyoona namba ile akakimbilia jikoni akipiga kelele, "Tumpe ile aiskrimu!"

Nami nikalazimika kupiga kelele zaidi: "Hiyo haina sukari!"

Basi, ndugu msomaji, hivyo ndivyo nilivyotubu. Si kwa kupiga magoti, kwa kukimbia. (Hata ile yenye sukari isingefaa, maana mafuta ya krimu huichelewesha sukari kufika kwenye damu.) Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Tulimkorogea vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, tukangoja robo saa, tukampima tena. Namba ikapanda. Akala mkate. Akaanza kuniita kwa jina langu.

Usiku akaniita chumbani. Hakugomba. Alifungua daftari akanionyesha mstari wa mchana. "Nilipunguza ugali nusu," akasema, "nikaiachia nafasi aiskrimu yako. Insulini ya asubuhi nilikuwa nimeshadunga. Hesabu yangu ilikuwa sawasawa. Wewe ndiye uliyenipa namba ya uongo."

Kijiweni, kesi hii imegawa watu pande mbili. Wanaonitetea wanakuja na methali: mgonjwa haulizwi uji. Wanasema mgonjwa hajui linalomfaa, anayemuuguza ndiye anayejua, na uongo wa kukinga si uongo. Kosa langu, eti, ni kutokuujua vizuri ugonjwa wa Mama. Ningempunguzia insulini kimya kimya, mambo yangekwisha salama.

Hebu tuitazame methali yenyewe. Kwa nini mgonjwa haulizwi uji? Kwa sababu ukimwuliza, atasema hapana, kwa haya au kwa kukosa hamu. Basi mpikie, mletee. Lakini uji ukishafika mbele yake, ni uji. Anauona, anaunusa, anaweza kuunywa au kuusukuma. Wahenga wamesema asiulizwe uji. Hawakusema apewe maji ya chokaa aambiwe ni uji.

Na huko kumpunguzia insulini kimya kimya? Hapo naona hatari yenyewe imejifunua. Uongo wangu wa kwanza ungehitaji wa pili, na wa pili ungehitaji wa tatu, mpaka daftari la Mama lote lingekuwa riwaya yangu mimi. Mtu anayedanganywa haendi kukaa pembeni akingoja wema wetu. Anaendelea kuishi. Anapunguza ugali, anapanga jioni yake, anajenga juu ya kile tulichomwambia. Tukimpa tofali la udongo mbichi tukasema ni la kuchoma, nyumba itakayoanguka ni yake.

Nilipokuwa kidato cha tano nilimcheka Immanuel Kant. Mwaka 1797 aliandika kwamba haifai kusema uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi kumtafuta rafiki yako. Nilisema mzee yule hajawahi kuwa na rafiki. Mpaka leo, muuaji akija mlangoni kwangu, nitamdanganya na nitalala usingizi. Lakini katika insha ile ile kuna jambo nililiruka kwa haraka ya ujana: kwamba mwenye kusema uongo, hata awe na nia njema namna gani, anabeba dhamana ya yatakayofuata, hata yale ambayo hakuweza kuyaona mbele. Hilo sasa silicheki. Halafu, Mama hakuwa muuaji mlangoni. Alikuwa mwenye nyumba.

Wapo pia waliosema kosa ni la ladha yenyewe: kwamba arki na rangi ni ulaghai, kitu kinajifanya kitu kingine. Nao siwaungi mkono. Vanilini, ile harufu kuu ya vanila, iliundwa maabara mwaka 1874 na Tiemann na Haarmann, na wengi wetu tumekulia keki za vanila bila kuona ua la vanila hata siku moja. Kuiga si kudanganya, mradi kichupa kimeandikwa kilivyo. Aiskrimu ile ile, ngumu ile ile, chungu ile ile, ningempa Mama nikisema, "Hii ni ya bandia, Mama, nimekuogopea sukari," ingekuwa zawadi mbaya lakini ya kweli. Angeila akicheka, na ugali wake asingeupunguza.

Sasa utaniuliza: je, kumheshimu mtu mzima maana yake umpe kila anachotaka? Na mchovya asali hachovyi mara moja? La hasha. Hapa ndipo nilipofika baada ya kuzunguka kote huko, na kama nimekosea mniambie. Kukataa ni haki yangu. Mashine ni yangu, mikono ni yangu. Ningeweza kumwambia Mama usoni, "Sitakutengenezea." Angekasirika, angenibishia, angenionyesha hesabu zake, pengine angenishinda. Ninapokataa, namwachia nafasi ya kubishana nami. Ninapodanganya, nimeshatoa hukumu, na mshtakiwa hajui hata kama kulikuwa na kesi. Mapenzi yanaweza kumnyima mtu kitu. Kumnyima kujua alichonyimwa, hapo ni kumfanya mtoto, tena bila kumwambia kwamba ameshushwa cheo.

Na tusijisifu kwamba tunadanganya kwa ajili yao. Mimi nilidanganya kwa ajili ya Jumapili yangu iwe tulivu. Ubishi ule wa nusu saa niliouogopa, niliuweka kwenye friza ukageuka jiwe, kisha nikampa Mama autafune. Na kama baridi inavyoficha sukari, nia njema ilinificha mimi uchungu wa nilichokuwa nafanya. Sikuusikia mpaka kilipoyeyuka.

Siku hizi, Jumamosi moja moja, tunatengeneza aiskrimu ya peremende za kweli. Mama mwenyewe ndiye anayepima sukari, mimi natwanga. Amewauliza kliniki, wamemweleza afanye nini na afanye lini. Anakula vijiko viwili kwenye kikombe cha kahawa, kisha anaandika daftarini.

Juzi nililifungua daftari lile kutafuta namba ya simu. Mstari wa Jumamosi umeandikwa: aiskrimu, vijiko viwili. Nilikuwepo. Vilikuwa vitatu.

Nimeona ulivyo mwepesi uongo mdogo, hata kwa karani. Nimefikiria kunyamaza, kwa kuwa ni mama yangu na kijiko ni kimoja. Nimefikiria pia kuificha mashine na kusema imeharibika. Yote mawili ni njia niliyokwisha kuipita. Leo jioni nitamwuliza usoni, na yeye yuko huru kuniambia ni hesabu zake, hazinihusu. Uji uwe mezani, sote tunauona.