Mbuga ni Amana ya Nani?

Neno mbuga lina maana mbili katika Kiswahili chetu, na maana hizo mbili hazikai kwa amani. Kwa mkulima, mbuga ni uwanda wa udongo mweusi, unaotuama maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ni mahali pa kwenda na jembe. Kwa mtu aliyepita shule, mbuga ni mahali pa wanyama, penye lango na askari, na jembe haliruhusiwi kupita hapo hata kidogo. Katika Bonde la Kilombero maana zote mbili zimeangukia ardhi ile ile moja. Mtu akisimama mwezi wa Aprili kwenye daraja la Ifakara, lile lililochukua nafasi ya pantoni ya zamani, huona maji na majani mpaka macho yachoke. Mmoja ataona humo mpunga ambao haujapandwa. Mwenzake ataona malisho ya sheshe. Hakuna anayesema uongo kati yao. Swali ninalotaka kulichungua hapa ni la haki zaidi kuliko la jiografia: ardhi kama hii tunaposema kwamba "inatunzwa", inatunzwa na nani, kwa ajili ya nani, na ni nani mwenye haki ya kudai hesabu yake?

Bonde lenyewe liko kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Maji ya milima hiyo hushuka, hutandaa uwandani kwa miezi, kisha huondoka polepole kuelekea Rufiji. Na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika mto huu mmoja. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, linayategemea. Mwaka 2002 uwanda huu, wenye hekta 796,735, uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Lakini haukupata kuwa mtupu. Wandamba wametega migono yao humo na kuvua kambale na perege tangu zamani. Wambunga, Wapogoro na Wabena wamelima kandokando yake, wakijenga madungu ya kulindia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Anayeiita ardhi hii "asilia", kwa maana ya kwamba haijaguswa na mtu, hajapata kuuliza.

Sasa tulitazame jina moja. Watu wa kusini waliliita pori kubwa la Selous Shamba la Bibi. Husimuliwa kwamba Kaisari wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, alimpa mkewe pori hilo kuwa zawadi. Sitaki kubishania kisa hicho. Lililo muhimu ni kwamba amri za kuhifadhi wanyama katika nchi hiyo zilianza na Wajerumani mwaka 1896, na kwamba mwenyeji aliyekuwa akiwinda kwa kitoweo aliamka siku moja akakuta amekuwa mwizi katika pori la babu zake. Jina lile halikufa. Limetembea likatoka porini, na leo twalisikia maofisini na katika mashirika ya umma: mali isiyokuwa na mwangalizi, ambayo kila apitaye huchuma atakacho, huitwa shamba la bibi. Lugha hapa imehifadhi hukumu ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria. Mtu akinyang'anywa kitu na kuambiwa kwamba sasa ni cha bibi mmoja asiyemjua, aliye mbali, hatakilinda; atangoja tu askari ageuze uso.

Wala hatuna haja ya kwenda kwa Wajerumani ili kupata mfano. Msitu wa Magombera uko bondeni, kati ya Udzungwa na lile pori la Selous ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Mwaka 1981 Magombera uliondolewa katika orodha ya misitu ya hifadhi kwa nia njema kabisa, yaani uunganishwe na Selous upate ulinzi mkubwa zaidi. Kuunganishwa huko hakukutimia. Ukawa msitu ambao si wa watu wa misitu wala si wa watu wa wanyamapori, huku mashamba ya miwa na mahitaji ya fito na kuni yakiusogelea. Mwaka 2009, ungali katika hali hiyo, wataalamu walitangaza kinyonga ambaye sayansi ilikuwa haijapata kumwandika, wakampa jina la Magombera. Ulipata hadhi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2019. Kwa karibu miaka arobaini, basi, msitu ulikaa bila mtu ambaye mwanakijiji angeweza kumwendea akamwuliza: "Bwana, hapa mmekusudia nini?" Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kisa hiki daftari lilikuwapo, ila liliachwa wazi kati ya ofisi mbili.

Sheria ya nchi yetu ina neno zuri kuhusu jambo hili. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na kwamba Rais anaishika akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Hata kabla ya Uhuru, mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa kupinga wazo la kuifanya ardhi bidhaa ya sokoni. Na Septemba 1961, katika Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (ambalo wanafunzi wengi hulichanganya na Azimio la mwaka 1967), alikubali mbele ya ulimwengu kwamba wanyama wa nchi hii ni dhamana tuliyopewa. Kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, mambo haya yote huitwa amana.

Lakini amana ni jambo zito kuliko linavyotamkwa. Katika desturi zetu, mtu akikuwekea amana, huitumii kama yako, na siku akiidai unamrudishia kama ulivyoipokea. Huwezi kumjibu kwamba uliificha salama mno hata wewe mwenyewe hujui ilipo. Basi hapa ndipo ugumu wa amana ya ardhi unapoanza. Walioiweka wamekufa, hawawezi kuidai. Watakaoidai hawajazaliwa, hawawezi kusema. Mwekewa amana anabaki peke yake na kitu ambacho hakuna anayemwuliza habari zake, na hali hiyo humharibu hata mtu mwema. Naona kwamba njia ya kumwokoa ni moja tu: hesabu wapewe walio hai na walio jirani, ambao wanaweza kuuliza leo. Jirani wa hifadhi husimama mahali pa wale wawili wasioweza kusema. Haki yake ya kuuliza ni sehemu ya amana yenyewe, na haigeuki kuwa fadhila kwa sababu ni askari anayeijibu.

Mtu ataniambia: jirani huyo ndiye anayekata miti, na ukimpa sauti atasema, "Nigawieni." Pingamizi hili lina nguvu, nami sitaki kulikwepa. Tulipime kwa kisa cha kuni. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi wanakijiji wa upande wa mashariki, wa Mang'ula na Sanje na vijiji jirani, waliruhusiwa kuingia siku maalum za wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi: msitu ulikuwa ukipungua pembeni, na palipo ruhusa ya kuni kavu, panga hupata njia ya kufikia mti mbichi. Miche ya kupanda na majiko banifu vilihimizwa. Hata hivyo mche haupiki ugali wa jioni ya leo. Tumfikirie mama wa kijiji kimojawapo, asiye na shamba la kupandia miti, ambaye jikoni kwake hapana kitu kingine cha kuwasha. Je, ni haki kumnyima kuni ili mto usikauke kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa?

Jibu langu ni kwamba yaweza kuwa haki. Asemaye kwamba haiwezi kuwa haki kamwe anasema, bila kujua, kwamba hapana amana yoyote duniani, kwa maana kila kizazi kina njaa yake. Mto unaomwagilia mpunga wa mama huyo hutoka katika msitu ule ule. Lakini kunyima kwa haki kuna masharti. Anayenyimwa aelezwe sababu kwa lugha yake na mapema, apate nafasi ya kujibu. Na anayefaidika alipe. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Maji ya Udzungwa hunywesha mashamba makubwa ya miwa, na maji ya Kilombero huwasha taa za miji ambayo haijapata kusikia jina la Sanje. Ikiwa mzigo wote wa kuhifadhi utabebwa na kichwa kilichokuwa kikibeba kuni, kilichohifadhiwa ni maji peke yake, na haki imeachwa nje ya lango.

Wafugaji nao wana ushahidi wao. Mwaka 2006 mifugo ilianza kuondolewa Usangu ili maji ya Ruaha yapate kupumua. Baadhi ya waliotolewa waliswaga ng'ombe wao mpaka Kilombero, na mwaka 2012 wakaambiwa waondoke huko pia, kwa sababu ile ile na karibu kwa maneno yale yale. Sisemi kwamba ng'ombe wale hawakuwa wengi mno kwa uwanda. Walikuwa wengi. Nasema kwamba taifa lililofanya hivyo mara mbili lilikuwa likihamisha tatizo kutoka bonde hadi bonde, na kila mara liliita kitendo hicho kutunza.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 ilikataza kulima na kuchunga katika mapori tengefu, ambamo watu walikuwa wamezoea kufanya yote mawili, na mwaka 2023 sehemu kubwa ya uwanda ikapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Hadhi yaweza kuwa ya lazima. Sheshe wamepungua sana, nao walikuwa wakiishi katika bonde hili kwa wingi usiopatikana mahali pengine Afrika. Lakini hadhi ni kifuniko tu cha daftari.

Wako watu waliokwisha kufika mwisho wa njia ambayo sisi tungali katikati yake. Jimbo la Illinois, Marekani, lilikuwa na nyanda za majani marefu zilizofunika zaidi ya nusu ya nchi yake. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa huko, John Deere, alitengeneza plau ya chuma cha pua iliyoweza kukata udongo ule mzito bila kunatwa, na kwa muda wa maisha ya mtu mmoja uwanda ukawa mahindi. Leo majani ya asili yaliyosalia katika hali njema hayafikii hata sehemu moja katika elfu moja. Wenzao wa Madison, Wisconsin, walianza katika miaka ya 1930 kuyapanda upya kwa mikono katika shamba lililochakaa la chuo kikuu chao. Wakagundua kwamba bila moto uwanda huvamiwa na miti, basi wakajifunza kuuchoma kwa mpango. Siku hizi katika hifadhi za namna hiyo raia wa kawaida huenda kukusanya mbegu, kung'oa magugu na kusaidia kuchoma. Wametumia karibu miaka mia kujifundisha jambo ambalo wazee wa mabonde yetu wangeweza kuwaambia kuhusu tofauti kati ya moto wa mapema, majani yakiwa na unyevu bado, na moto wa kuchelewa unaounguza kila kitu.

Hili lanirudisha Udzungwa. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na W. A. Rodgers, walisikia katika msitu wa Mwanihana mlio wa kima wasiyemtambua. Mwenyeji aliyewaongoza alimtambua mara moja: ni n'golaga. Sayansi ilifurahi kwa kumgundua mnyama mpya, ikamwita kwa jina la kijiji cha Sanje. Kwa nini mnyama aliyekuwa na jina aliitwa mpya? Ni kwa sababu hapakuwa na mahali ambapo mwenye kujua kwa macho na mwenye kujua kwa vitabu walikuwa wakikutana kama kawaida yao.

Mahali hapo ndipo pakutengenezwa, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ya programu za hifadhi kwa umma na shule. Vilabu vya Malihai vilianzishwa mwaka 1980, na vimefanya mema mengi. Lakini aghalabu ziara ya shule huwa hivi: basi hukodiwa, tembo huonwa kwa mbali, ofisa hueleza faida za utalii, wanafunzi hunakili, basi hurudi. Mwanafunzi ameonyeshwa mali, hajaonyeshwa hesabu. Mwalimu wa Ifakara, kwa kweli, hahitaji basi. Mbuga yaanza pale nyumba zinapoishia. Awapeleke wanafunzi kwa mvuvi wawaulizie samaki walioacha kuonekana na mwaka walipoacha. Wapime kina cha maji ya mto kila Ijumaa, na waliomaliza shule wawaachie daftari wanaoingia. Wausome mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chao wenyewe, waone mipaka yake, wamwulize mwenyekiti ilipimwaje. Kisha siku moja wamkaribishe darasani askari wa hifadhi, na siku hiyo hiyo wamkaribishe mama aliyenyimwa kuni, wakae kwenye benchi moja mbele ya Kidato cha Tatu.

Najua kwamba kikao hicho kitakuwa kigumu. Askari atasema kwamba ana amri, naye mama atasema kwamba ana watoto. Mwalimu asiharakishe kuwapatanisha. Awaache wanafunzi waulize, na majibu yaandikwe katika daftari lile lile la kina cha maji.