Kuhamia Mji wa Bei Nafuu: Nafuu ya Nani?



Wakati wa Pasaka, mtoto wa kaka yangu alikuja kututembelea hapa Nakuru. Ana mke na watoto wawili, na kazi yake iko Nairobi. Baada ya chakula alinivuta kando akaniambia, "Baba mdogo, Nairobi imenishinda. Kodi inapanda, nauli inapanda, watoto hawana mahali pa kuchezea. Nitajie mji katika kaunti nyingine ambako nyumba ni rahisi na mtoto aweza kulelewa vizuri."

Nikamwuliza, "Mkeo anasemaje?"

Akatabasamu. "Huyo nitamwambia nikishapata nyumba. Nataka afurahi tu akiona."

Sikuweza kutabasamu naye, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2014. Nimeona afadhali niwaeleze nanyi yale niliyomweleza yeye usiku ule, kwa maana najua nyumba nyingi za Wakristo zimo katika shida hiyo hiyo. Swali si la kodi peke yake. Ni swali la haki kati ya mume na mke: je, mmoja aweza kuamua mahali pa kuishi kwa niaba ya wote, hata kama anaamua kwa nia njema?

Hesabu yangu ya kwanza

Mwaka huo tulikuwa tukilipa shilingi 12,000 kwa vyumba viwili Nairobi. Nikapata nyumba ya shilingi 6,500 nje kidogo ya Nakuru, yenye ua na mti wa parachichi. Nililipa dipoziti siku hiyo hiyo. Nilipofika nyumbani nilimpa mke wangu habari kama mtu aletaye zawadi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Baba Watoto." Nami nikahesabu kwamba amekubali.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tulipoingia ndani tukaanza kuona. Kazi yangu ilikuwa bado Nairobi, umbali wa kilomita 160 hivi, kwa hiyo nikawa nalala kwa rafiki na kurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Nauli na chakula cha huko vikala sehemu kubwa ya ile akiba ya kodi. Mke wangu alikuwa fundi wa kushona. Nairobi alikuwa na wateja wa miaka sita, wengine wakimlipa hata kabla ya nguo kwisha. Huku cherehani ilikaa pembeni imefunikwa kitambaa, maana tulikuwa mbali na soko na hakuna aliyemjua. Nilikuwa nimepunguza kodi kwa shilingi 5,500 na kuondoa mapato yake yote, na hesabu hiyo ya pili sikuwa nimeiandika popote.

Kisha kulikuwa na maji. Tulikunywa maji ya kisima kirefu cha pale mtaani, maangavu, na tukiyachemsha kila siku. Mwaka 2018, mtoto wetu mdogo alipoota meno ya ukubwani, yalitoka na madoa ya kahawia. Ndipo tulipojifunza kwamba maji mengi ya ardhini katika Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima kadhaa vya upande huu hupita kiasi hicho. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Jino huharibika wakati linapotengenezwa ndani ya ufizi, kwa hiyo anayeumia ni mtoto mdogo. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha mradi wa kusafisha maji ya namna hiyo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na wenyeji wengi walijua habari hizo. Mimi sikuuliza wenyeji. Niliuliza kodi tu.

Neno la mke wangu

Lakini neno lililonichoma zaidi halikuhusu maji wala fedha. Jioni moja nilikuwa nikilalamika kwamba hana furaha ingawa nimemtoa katika msongamano wa Nairobi. Akaweka sufuria chini akasema kwa sauti ya pole, "Baba Watoto, mimi sikuhama. Nilihamishwa, kama kabati."

Kwanza nilikasirika. Nikajitetea kwamba nilifanya yote kwa ajili yao. Baadaye, nikiwa ndani ya matatu kurudi kazini, nilianza kuona alichosema. Kabati ukilipeleka mahali pazuri, umelitunza vizuri, wala hulidai shukrani. Mtu ukimpeleka mahali pazuri bila kumwuliza, umempa nyumba lakini umemnyima sehemu yake katika kuitafuta. Na ndoa hasa ni ile sehemu.

Mwisho wa mwezi tulikaa mezani na daftari la shule. Kila mmoja aliandika upande wake: nini nimepoteza, nini nimepata, nini siwezi kuvumilia. Nilitazamia aseme turudi Nairobi. Hakusema hivyo! Aliandika kwamba Nakuru anaipenda, hewa ni nzuri na watu ni wakarimu. Alichotaka ni nyumba karibu na soko na kanisa, hata ikiwa bila ua, ili apate wateja na watoto waende shule kwa miguu. Yaani kama ningalimwuliza tangu mwanzo, tungaliuchagua mji ule ule. Kosa langu halikuwa mji. Kosa lilikuwa kumchagulia.

Tulihamia karibu na soko. Kodi ilikuwa shilingi 9,000, zaidi ya ile ya kwanza, na tukaanza kubakiwa na kitu mwisho wa mwezi. Baada ya muda nami nikapata kazi hapa hapa. Leo Nakuru ni jiji, ilipewa hadhi hiyo mwezi wa Desemba 2021, na kodi si zile tena. Madoa ya mtoto wetu, hata hivyo, yamebaki.

Kichwa cha nyumba na makao ya nyumba

Wengine watasema, "Mwalimu, mume ni kichwa cha nyumba. Lazima mmoja aamue." Nawajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la Sheria ya Kanisa. Sheria ya mwaka 1917 ilihesabu kwamba mke, kama hajatengana na mumewe kihalali, makao yake ni makao ya mume. Mume akihama, sheria ilimhamisha mke naye. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, haisemi tena hivyo. Kanuni ya 104 yataka mume na mke wawe na makao ya pamoja, na kanuni ya 1135 yampa kila mmoja wajibu na haki sawa katika maisha ya ndoa. Makao si ya mume ambayo mke hufuata, ni ya wote wawili. Sheria ya nchi nayo yaenda njia hiyo: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yawapa haki sawa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiuze ile ploti kwa siri ili mhamie mbali.

La pili ni Ruthu. Maneno yake ya kufuata popote husomwa sana arusini, na wanaume tumeyapenda. Tusome vizuri. Ruthu hakumwambia mume, alimwambia mama mkwe wake Naomi. Tena aliyasema baada ya Naomi kumsihi arudi kwao. Mlango wa kurudi ulikuwa wazi, na mwenzake Orpa aliupita akaenda zake, wala Biblia haimlaumu. Ndiyo maana kufuata kwa Ruthu kuna thamani. Zawadi ni zawadi pale tu mtu alipoweza kukataa kuitoa. Ukimnyima mkeo nafasi ya kusema "hapana", umeinyima "ndiyo" yake uzito wote.

Sisemi kwamba mke akikataa basi hakuna kuhama. Pengine kazi imekwisha, pengine mwajiri amekuhamisha, pengine kodi ya miezi mitatu haijalipwa na mwenye nyumba yuko mlangoni. Hapo uchaguzi ni mdogo. Hata hivyo aliyeulizwa na aliyetangaziwa hawabebi mzigo mmoja kwa namna moja, hata kama lori ni lile lile. Na mke pia aweza kukosea: aweza kukataa kwa hofu tu, au kwa sababu dada zake wako karibu. Basi aiseme hofu yake mezani, nayo ipimwe pamoja na mengine. Asinyamaze kisha alipize kwa huzuni ya miaka.

Mambo ya kuuliza kabla ya lori

Mkishakubaliana kutafuta, tafuteni wote wawili. Nendeni siku ya kazi, si Jumapili ambapo kila mji ni mtulivu. Tembeeni kwa miguu kutoka nyumba hadi shule, na mwone barabara hiyo wakati wa mvua. Kisha ulizeni wenyeji:

Maji ya kunywa yatoka wapi, na je, yamewahi kupimwa?

Magonjwa ya hapa ni yapi? Kisumu na kanda yote ya Ziwa zina malaria mwaka mzima. Mtoto aliyekulia Nairobi, mwinuko wa mita 1,700 hivi, mwili wake haujaizoea, kwa hiyo chandarua chenye dawa kitangulie vyombo. Eldoret iko juu zaidi, mita 2,100 hivi, na huko mtahitaji blanketi zaidi ya chandarua. Hospitali iliyo karibu yapokea SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024?

Shule je? Tangu mwaka 2023 watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 hubaki katika shule za msingi, kwa hiyo mtoto aweza kulala nyumbani miaka mingi zaidi. Ulizeni basi kama shule hiyo ina walimu wa kutosha, na sekondari ya kutwa iko umbali gani.

Kazi ya kila mmoja itakuwa nini? Si ya baba tu. Mama akiuza mboga, soko liko wapi? Na kama baba atabaki mbali, atarudi lini kabisa? Andikeni mwezi na mwaka. Kanuni ya 1151 yasema kuishi pamoja ni wajibu na haki ya wanandoa, isipokuwa kuna sababu halali. Kutafuta riziki kwaweza kuwa sababu, lakini sababu isiyo na mwisho hugeuka kuwa desturi.

Mwisho, nani atatujua hapa? Ulizeni Jumuiya hukutana wapi, na jirani ni nani. Siku mtoto ashikwapo na homa usiku, kodi ya chini haitabisha mlango kukusaidia.

Watoto nao waulizwe kwa kadiri ya umri wao. Hawapigi kura, lakini wanaona mambo. Mkubwa wetu, akiwa na miaka saba, aliuliza siku ya kuhama, "Na fundisho la Komunyo nitamaliza wapi?" Katika mipango yangu yote sikuwa na jibu, na mimi ni katekista.

Yule kijana wangu alinisikiliza mpaka taa ikawa inazimwa. Asubuhi nilimwona nje ya ua akizungumza kwa simu na mkewe. Sikusikia yote, ila nilisikia akiuliza, "Wewe ungependa tuishi wapi?" Kisha akakaa kimya muda mrefu, akisikiliza. Hadi leo hawajahama. Bado wanatafuta, wawili.

Kwa wanandoa, jioni moja wiki hii: zimeni redio, chukueni daftari, na kila mmoja amwandikie mwenzake majibu ya maswali haya. Mahali tunapoishi sasa tulipachaguaje? Mimi nilipoteza nini tulipohamia hapa, na je, niliwahi kukuambia? Na kama tungehama kesho, ni kitu gani kimoja nisichotaka kukiacha nyuma? Msijibizane siku hiyo. Someni tu, kisha mlale.