Puti Juu ya Kutu



Swali la leo: mtu akiuza gari zuri juu, bovu chini, na mnunuzi asiulize, je, ametenda dhambi?

Huku Mbinga Land Rover za zamani bado zina heshima yake. Zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini, hailiwi na kutu kama chuma. Ila chesesi ni chuma, tena ina uwazi ndani. Tope linaingia humo, linatunza maji, na chuma kinalika kutoka ndani kuja nje. Ukitazama bodi, unasema gari ni zima.

Fundi makini hadanganyiki na rangi. Analala chini, anagonga kwa nyundo huku akisikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Anachokonoa kwa bisibisi. Pakitoboka, anakata mpaka akute chuma kizima, ndipo anachomelea kipande kipya. Rangi inakuja mwisho.

Njia ya mkato ipo: puti, msasa, rangi, kazi kwisha. Lakini gari hilo litashuka milima kwenda Mbamba Bay likiwa na watu ndani. "Hakuniuliza" haitawasaidia kitu chesesi ikikatika.

Kwangu mimi jibu ni ndiyo, ni dhambi. Ile puti imeshasema, "hapa pazima." Uongo si lazima utoke mdomoni.

Najua mtaniambia maisha magumu, ukisema ukweli bei inashuka. Kweli inashuka. Lakini hiyo ndiyo bei ya haki. Kinachozidi hapo umemchukulia mwenzako.

Na je, ukishaungama, yameisha? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai fidia hata kama mkosaji amesamehewa. Dhambi imeondolewa, sawa, ila chesesi bado imeoza na mwenzako bado anaendesha. Mtafute, mwambie, rudisha kilichozidi au lipia uchomeleaji.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda kuungama, jiulize: ni wapi maishani mwangu sitaki nyundo igonge? Anzia hapo.

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kukata mpaka penye uzima. Amina.