Je, Huruma Yatosha?

Wengi wetu twaamini kwamba mtu akitenda jambo kwa upendo, mabaya yatokeayo baadaye si ya kumhesabia. Twataka kulipima neno hili, maana katika nyumba za wagonjwa halisimami imara kama tunavyodhani.

Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire (ndiyo Kongo ya leo), palikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120 hivi. Masista Wabelgiji waliitumikia pamoja na wauguzi wenyeji, na watu walitoka mbali kuja kutibiwa kwa kuwa dawa zilipatikana. Kila asubuhi yalitolewa mabomba matano ya sindano kwa kazi ya siku nzima. Kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu. Ndipo ukaingia ugonjwa usiojulikana na mtu, ambao baadaye uliitwa Ebola kwa jina la mto wa nchi ile. Waliougua walikuwa 318, wakafa 280. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Wengi waliambukizwa kwa sindano za hospitalini humo, wengine kwa kuwauguza ndugu zao na kuiosha miili yao. Hospitali ilipofungwa, ugonjwa ukaanza kupungua.

Je, masista wale walikuwa na hatia? Ugonjwa hawakuujua, wala si haki kumhukumu mtu kwa asichoweza kukijua. Lakini kwamba sindano yapasa kuchemshwa kabla ya kumchoma mwingine, hilo lilikuwa limejulikana miaka mingi. Tena wagonjwa walikuwa wengi na vyombo haba. Hatuthubutu kurusha jiwe, maana baadhi yao walikufa papo hapo kazini. Hata hivyo, mtoto aliyemzika mama yake hafarijiki kwa kuambiwa kwamba aliyemchoma alimpenda. Kwa maoni yetu, kuchemsha sindano ni sehemu ya huruma yenyewe, wala si kazi ya pembeni ya kufanywa nafasi ikipatikana.

Habari ya Vienna ni ya namna nyingine. Mwaka 1847 Daktari Semmelweis aligundua kwamba madaktari na wanafunzi wao walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Aliwaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila mia. Mwezi wa Juni walikufa 2 hivi. Hata hivyo wakubwa wengi walimpinga, na baadhi yao walichukizwa kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Hapo hapakukosekana ujuzi wala maji. Kilichozuia ni heshima.

Nasi heshima twaijua sana! Mama aliyelala wodini atamwulizaje daktari, "Baba, umenawa?" Ataitwa mjeuri. Twaona ni afadhali mganga na mwuguzi wanawe mbele ya macho ya mgonjwa, asilazimike kuuliza. Naye akiuliza, ajibiwe kwa upole. Lakini mahali ambapo bomba halitoi maji tangu juma lililopita, kumlaumu mwuguzi peke yake ni uonevu. Waulizwe pia wanaoshika fedha, hata kama ni wazee wa kanisa letu.

Sisi tutembeleao wagonjwa nasi tumo. Twaingia watu kumi kwa pamoja, twaketi juu ya kitanda, twamshika mikono huyu aliyepasuliwa kisha twamwekea mikono yule mwenye kidonda. Mlinzi akituzuia, twanung'unika kwamba hana upendo. Pengine yeye ndiye ampendaye mgonjwa siku ile. Mwenye mafua au kikohozi na abaki nyumbani, atume salamu na chupa ya uji. Kwa ziara ijayo, waingie wawili wawili, na mmoja wetu achukue dumu la maji na sabuni, ili wote wanawe kabla ya kuingia na tena watokapo.